Weusi na Weupe katika Kazi za Mchoraji Tom Feelings

Mwulize mtahiniwa yeyote wa kidato cha nne rangi nyeusi huashiria nini katika kazi ya fasihi, naye atakujibu bila kusita: huzuni, msiba, uovu. Mwulize kuhusu rangi nyeupe, atakwambia: amani, usafi, utakatifu. Majibu haya yamekaririwa hata yakawa kama jedwali la kuzidisha. Mwanafunzi huyabeba hadi kwenye chumba cha mtihani, akikutana na kanzu nyeupe au wingu jeusi katika riwaya huyabandika papo hapo, kisha hushangaa anapopata alama moja badala ya nne. Hajui kwamba ishara haina maana yoyote nje ya kazi inamotumiwa.

Nimeona nilijadili tatizo hili kwa kumtazama msanii ambaye hakuwa mwandishi bali mchoraji wa vitabu vya watoto. Jina lake ni Tom Feelings, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1933 na kufariki mwaka wa 2003. Nimemteua kwa sababu mbili. Kwanza, vitabu viwili vilivyomletea sifa vina maneno ya Kiswahili, ingawa walimu wengi wa Kiswahili niliozungumza nao hawajapata kuvisikia. Pili, kazi yake yote ya takriban miaka arobaini inaweza kusomwa kama jitihada moja ndefu ya kuzinyang'anya rangi nyeusi na nyeupe maana walizopewa na wengine.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: mchoraji anatafuta nini katika jarida la fasihi? Tunawafunza wanafunzi wetu kwamba fasihi ni sanaa itumiayo lugha, na picha si lugha. Fasili hiyo inatosha kwa riwaya na kwa tamthilia. Lakini inapofika kwenye fasihi ya watoto inaanza kuchechemea, kwa maana katika kitabu cha picha neno na mchoro hutegemeana kama mwimbaji na wapokezi wake. Ukimwondoa mmoja, wimbo hauwi wimbo. Isitoshe, Feelings mwenyewe alijieleza kuwa msimulizi wa hadithi anayesimulia kwa picha. Na wasimulizi ni watu wetu.

Mtoto wa Brooklyn

Feelings alizaliwa na kulelewa Bedford-Stuyvesant, mtaa wa watu weusi katika Brooklyn, jijini New York. Alisomea uchoraji wa katuni, akahudumu katika jeshi la anga la Marekani, kisha akarudi chuoni New York kuendelea na sanaa. Mwaka wa 1958 alianza kuchora katuni za mfululizo katika gazeti la watu weusi lililoitwa New York Age. Mhusika wake mkuu alikuwa mvulana aitwaye Tommy Traveler, ambaye husoma vitabu vya historia ya watu weusi kisha akaota yumo ndani ya historia hiyo, bega kwa bega na mashujaa anaowasoma. Mbinu hii ya ndoto na safari ni kongwe katika fasihi yetu simulizi, na mwalimu yeyote ataitambua. Jambo la kuzingatia ni sababu ya Feelings kuihitaji. Vitabu vya shule alivyosoma utotoni havikuwa na watu wa sura yake, ila pale palipokuwa na utumwa. Ilimlazimu Tommy alale ndipo akutane na wazee wake.

Katika miaka hiyo Feelings alikuwa akitembea mitaani na daftari lake akiwachora watu wa Bedford-Stuyvesant: watoto barazani, akina mama, wazee. Amesimulia kuhusu msichana mdogo aliyeitazama michoro yake ya watoto weusi. Feelings alipomwambia kwamba hao ni watoto wazuri kama yeye, yule mtoto alikataa katakata. Kwake, hakuna kitu cheusi kinachoweza kuwa kizuri.

Hebu tulitazame jibu hilo kama walimu wa ishara. Mtoto yule alikuwa amelikariri jedwali lilelile wanalokariri watahiniwa wetu: nyeusi ni ubaya, nyeupe ni uzuri. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa akisoma riwaya. Alikuwa akiisoma ngozi yake mwenyewe. Ndiyo maana nasema suala hili si la alama nne pekee.

Mwanga wa Ghana

Mwaka wa 1964 Feelings alihamia Ghana, wakati wa utawala wa Kwame Nkrumah, akafanya kazi katika idara ya uchapishaji ya serikali, hasa akichorea jarida lililoitwa The African Review. Alikaa huko hadi mwaka wa 1966, mwaka ambao Nkrumah alipinduliwa, kisha akarejea Marekani. Miaka miwili si mingi, lakini ilibadilisha mkono wake.

Michoro yake ya Brooklyn ilikuwa mizito. Nyuso zimeinama, mistari imebana. Baada ya Ghana, mwanga unaingia. Tena hauingii kama taa iliyowashwa juu ya watu, bali kana kwamba unatoka ndani ya ngozi zao. Feelings alieleza kwamba alichokiona Afrika ni watu weusi wanaong'aa, watu wasiotembea kama walio ugenini. Kwa mchoraji hili ni tatizo la kiufundi kabla ya kuwa tatizo la kisiasa: utafanyaje ili wino mweusi ung'ae? Wachoraji wengi waliofunzwa katika mikondo ya Ulaya huchora mwanga kwa kuacha karatasi nyeupe, na kivuli kwa kuweka weusi. Ukifuata kanuni hiyo, uso mweusi daima utakuwa upande wa kivuli. Feelings alilazimika kubuni njia nyingine.

Jibu lake linaonekana vizuri katika vitabu viwili ambavyo sisi walimu wa Kiswahili tuna haki ya kuviita vya jamaa.

Moja na Jambo

Muriel Feelings, aliyekuwa mke wa Tom wakati huo, alikuwa amefundisha nchini Uganda katika miaka ya 1960. Yeye ndiye aliyeandika maneno ya Moja Means One, kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili kilichotoka mwaka wa 1971, na Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti ya Kiswahili cha mwaka wa 1974. Tom alichora. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, tuzo ambayo Wamarekani huitoa kila mwaka kwa vitabu vya picha. Cha kwanza kiliipata mwaka wa 1972 na cha pili mwaka wa 1975. Kabla ya hapo hapakuwa na msanii mweusi wa Marekani aliyepata heshima hiyo.

Kitabu cha kwanza kinahesabu kuanzia moja hadi kumi, na kila nambari ina mchoro uliotandazwa kwenye kurasa mbili. Moja ni mlima Kilimanjaro. Mbili inatuletea mchezo wa bao. Kumi ni mzee akiwasimulia watoto hadithi, na hapo mwalimu wa fasihi simulizi atatabasamu, maana hesabu imeishia kwenye kikao cha paukwa pakawa. Kitabu cha pili kina herufi 24, kwa sababu q na x hatuzihitaji. Kinaanza na arusi, kinapitia heshima, na kumalizikia kwa yungiyungi na zeze.

Humu hamna nyekundu, wala samawati, wala kijani. Msomaji mtoto ambaye amezoea vitabu vinavyopiga kelele za rangi anaweza kudhani kuna kilichopungua. Feelings alitumia wino mweusi, rangi nyeupe ya tempera na karatasi nyepesi zilizobandikwa, akizitabakisha hadi picha ikawa na ukungu laini, kama alfajiri kabla ya jua kuchomoza. Weusi wa ngozi ndio unaobeba joto la picha, na weupe umetawanywa kama vumbi la mwanga juu ya mashavu, mabega na vitambaa. Ukiufuata mwanga kwa kidole utaona unapita kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyeachwa kivulini. Basi tayari tumepata kazi ambamo weusi unaashiria joto, ukaribu na kuwapo nyumbani. Mtahiniwa mwenye jedwali lake atakwama hapa.

Hata hivyo, uhakiki si kusifu tu, na mimi kama mwalimu wa Kiswahili nina maneno mawili juu ya lugha ya vitabu hivi. La kwanza ni anwani ya kile cha pili. Jambo halimaanishi salamu. Jambo ni kitu, habari au tatizo, na salamu yetu ni hujambo, yaani huna jambo linalokusumbua, nayo hujibiwa sijambo. Neno likikatwa kiambishi chake cha ukanushi linabaki kuwa salamu ya kumwamkia mgeni aliyeshuka melini. Muriel Feelings alilipokea lilivyokuwa likitumiwa kwa wageni, na kupitia kitabu chake watoto wengi wa Marekani walijifunza nusu ya salamu. La pili linahusu ngeli. Kitabu kinafunza moja, mbili, tatu, lakini kinachohesabiwa ni milima, miti na watoto. Mwanafunzi wetu wa darasa la pili anajua kwamba ni mlima mmoja, miti mitatu, watoto kumi. Nambari kadhaa za Kiswahili hazikai peke yake kwa muda mrefu, hujipatanisha na jirani zake. Kitabu kimezitenga zikawa maneno ya kukariri. Naelewa kwamba kiliandikwa kwa watoto wasiojua Kiswahili, na huwezi kumtwika mtoto wa miaka mitano mzigo wa ngeli. Lakini ni vyema tulijue hilo.

Kuna suala zito kuliko sarufi. Mababu wa Wamarekani weusi walio wengi walitekwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Wachache sana kati yao walisema Kiswahili. Kwa nini basi Kiswahili? Katika miaka ya 1960 vuguvugu la watu weusi Marekani lilikuwa likitafuta lugha ya Kiafrika isiyokuwa mali ya kabila moja, na Kiswahili, lugha ya Tanzania ya Mwalimu Nyerere, kilionekana kufaa. Hata sherehe ya Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka wa 1966, ilichukua majina yake kutoka Kiswahili. Kwa hivyo Kiswahili cha vitabu hivi ni cha kujiteulia, hakikurithiwa. Kinafanya kazi ya ishara zaidi ya kazi ya mawasiliano. Na picha zinafuata mkondo huohuo: kwa sehemu kubwa tunaonyeshwa vijiji, masoko, ngoma na wanyama. Mtoto wa Kayole au wa Magongo hataiona barabara yake humo. Afrika Mashariki ya Feelings ni Afrika iliyotamaniwa kutoka mbali. Mimi naiona kama kasoro. Mwalimu mwenzangu mmoja huniambia siyo kasoro, kwamba mtu akichora nyumba aliyonyang'anywa hawezi kulaumiwa kwa kusahau mabati. Hatujaafikiana.

Picha inapotangulia neno

Mwaka wa 1968, kabla ya vitabu hivyo, Feelings alikuwa amechorea To Be a Slave cha Julius Lester, kitabu kilichokusanya kauli za waliokuwa watumwa wenyewe. Kitabu hicho kilipata heshima ya Newbery mwaka uliofuata. Kati ya mwaka wa 1971 na wa 1974 aliishi Guyana, akiwa katika mradi wa wizara ya elimu wa vitabu vya watoto, na kuwafunza wachoraji vijana. Alitoa pia kitabu cha maisha yake, Black Pilgrimage, mwaka wa 1972.

Lakini kilichonivutia zaidi katika kipindi kilichofuata ni mpangilio wa kazi. Kwa kawaida mwandishi huandika kwanza, kisha mchapishaji hutafuta mchoraji wa kupamba. Mchoraji ni mpambe. Katika Something on My Mind cha mwaka wa 1978, Daydreamers cha mwaka wa 1981 na Now Sheba Sings the Song cha mwaka wa 1987, mambo yaligeuka. Michoro ya Feelings ilikuwapo tayari, mingine ikiwa imechorwa miaka mingi kabla katika safari zake, nao washairi Nikki Grimes, Eloise Greenfield na Maya Angelou, kila mmoja katika kitabu chake, waliitazama na kutunga mashairi yaliyozaliwa na nyuso hizo. Hapa mshairi ndiye mpokezi, na mchoraji ndiye anayeongoza wimbo.

Mhakiki wa kitabu cha aina hii hawezi kuuliza tu kama picha imelisaidia shairi. Lazima aulize kama shairi limeusoma uso ule sawasawa. Je, mshairi ameona huzuni pale mchoraji alipochora kuchoka? Walimu wanaofundisha utungaji wa mashairi wanaweza kuitumia njia hii bila gharama yoyote. Mpe mwanafunzi picha ya uso wa mtu gazetini, isiyo na maelezo, atunge tarbia. Kisha mpe mwingine picha hiyohiyo. Tofauti ya tungo hizo mbili itakufunza zaidi kuhusu usawiri kuliko ufafanuzi wa kurasa tano.

Merikebu nyeupe

Sasa tufike kwenye kazi yake kuu. Feelings alisimulia kwamba alipokuwa Ghana, rafiki yake Mghana alimwuliza iliwapata nini wote waliochukuliwa kutoka hapo. Hakuwa na jibu la maneno. Jibu lake lilichukua takriban miaka ishirini kukamilika na likatoka mwaka wa 1995: The Middle Passage, kitabu cha michoro 64 ya safari ya baharini kutoka Afrika hadi Amerika. Mwanahistoria John Henrik Clarke aliandika utangulizi wa kihistoria, naye Feelings akatanguliza maneno machache yake. Baada ya hapo hakuna neno lolote, michoro yenyewe inasimulia hadi mwisho.

Kimya hicho hakikutokana na uvivu. Feelings alieleza kwamba alitilia shaka lugha yenyewe ambayo angeitumia, yaani Kiingereza, kwa sababu dharau kwa Mwafrika imeingia ndani ya msamiati wake. Angewezaje kuusimulia uchungu huo kwa ulimi wa waliousababisha? Sisi ambao tumesoma mijadala ya lugha ya fasihi ya Kiafrika tangu Ngũgĩ wa Thiong'o alipoamua kuandika kwa Gĩkũyũ tunalijua swali hili. Ngũgĩ alihamia lugha ya mama. Feelings hakuwa na lugha ya mama ya kuhamia, kwani aliyeteka watu aliteka na lugha zao. Akahamia wino.

Na wino huo sasa umegeuzwa. Jina kamili la kitabu linataja merikebu nyeupe na shehena nyeusi, na katika kurasa zake weupe ndio unaotisha. Mabaharia wamechorwa kama vivuli vya rangi ya maiti, karibu waangaze, kama mizimu iliyotoka majini. Meli zinaibuka katika upeo wa macho zikiwa pana kupita kiasi, kama meno. Kinyume chake, waliotekwa wana uzito. Unaona misuli, mbavu, vidole vilivyoshika vidole vingine gizani. Weusi wa tumbo la meli ni wa mateso, kwa kweli, lakini ndani ya weusi huo ndimo walimo watu. Kitabu kimoja, rangi ileile, maana mbili zinazopingana katika ukurasa mmoja. Tazama jinsi jedwali la watahiniwa linavyoporomoka hapa.

Linganisha na mchoro maarufu wa meli ya Brookes uliochapishwa na wapinzani wa biashara ya utumwa nchini Uingereza mwaka wa 1788. Mchoro ule ulisaidia sana kuichochea dhamiri ya Waingereza, na hatuna budi kuuheshimu. Lakini humo watu ni vijisanamu vidogo vinavyofanana, vimepangwa kama samaki kwenye kopo. Mtazamaji anaiona idadi, haoni mtu. Wanahistoria wanakadiria kwamba takriban watu milioni 12.5 walipakiwa melini Afrika kuvushwa Atlantiki, na takriban milioni 10.7 ndio waliofika wakiwa hai. Tarakimu hizi ni kweli lakini haziingii moyoni. Feelings anakataa kuhesabu. Mtu aliyewafunza watoto moja, mbili, tatu kwa kuwaonyesha nyuso za kupendeza alijua pia kwamba wenye meli walikuwa na hesabu yao, iliyoandikwa katika vitabu vya shehena. Baina ya Moja Means One na The Middle Passage kuna hesabu mbili: moja ya kumwona kila mtu, nyingine ya kumfuta.

Je, kitabu hiki ni cha watoto? Kilipewa tuzo ya Coretta Scott King ya wachoraji mwaka wa 1996, na tuzo hiyo ni ya vitabu vya watoto na vijana. Humo mna mijeledi, wanawake wanaodhulumiwa, watu wanaojitupa baharini penye papa. Nisingempa mtoto wa darasa la nne. Ningempa mwanafunzi wa kidato cha pili nikiwa nimekaa karibu naye. Na msomaji wa pwani yetu ataongeza swali jingine, nalo ni la haki: misafara iliyoishia Bagamoyo na soko la Unguja, lililofungwa mwaka wa 1873, haimo katika kitabu hiki. Feelings alichora bahari yake. Ya kwetu inamsubiri mchoraji mwenye subira kama ile, na mwenye ujasiri wa kuwachora wauzaji wanaofanana na sisi.

Miaka miwili kabla ya The Middle Passage, mwaka wa 1993, alitoa Soul Looks Back in Wonder, mkusanyiko wa mashairi ya watu weusi wakiwemo Langston Hughes, Maya Angelou na Lucille Clifton. Humo rangi zimefurika: samawati, kijani, dhahabu. Wengine wanakipenda zaidi. Mimi nakiona chepesi kidogo, kama mtu aliyetoka kwenye chumba cha giza akafungua madirisha yote kwa mpigo. Lakini ukikumbuka kwamba michoro ya safari ya meli ilikuwa bado mezani pake wakati huo, utaelewa kwa nini alihitaji madirisha. Feelings mwenyewe alipenda kusema kwamba sanaa ya watu wake daima hubeba furaha na maumivu kwa pamoja, kama muziki wa bluzi. Wanafunzi wetu wanaosema wimbo wa mazishi ni wa huzuni tu, na wa harusi ni wa furaha tu, wangefaidika kulisikia hilo. Nani hajawahi kumsikia mama wa bi harusi akiimba huku akilia?

Sasa neno kwa walimu wanaotaka kulijaribu hili darasani. Nilipata nakala ya The Middle Passage kwa kuazima, nikawaonyesha wanafunzi wangu mchoro mmoja tu wa watu walio ndani ya tumbo la meli, kisha nikawataka waandike aya moja ya nathari kwa Kiswahili, bila kutumia neno huzuni na bila kusema rangi yoyote inaashiria nini. Ugumu wa kwanza haukuwa taswira wala mtindo. Ulikuwa nomino ya kwanza. Watu walio kwenye picha waitwe nani? Wengi waliandika watumwa. Msichana mmoja akauliza: wamekuwa watumwa lini, na bado hawajafika kwa bwana yeyote? Mwingine akapendekeza mateka. Wa tatu akasema mateka ni wa vita, hawa walinunuliwa. Mmoja akaandika abiria, darasa likacheka, kisha likanyamaza, kwa maana kejeli ya neno hilo ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. Kengele ililia kabla hatujamaliza ubishi. Kwenye daftari la yule msichana nilikuta amelifuta neno watumwa mara mbili, na juu yake ameandika watu wa mtu fulani.